Hakuna Aliyezungumza Kiayalandi Kwetu

Hapa Massachusetts, mtu mwenye asili ya Ayalandi hachoki kusimulia habari za kwao. Atakutajia kaunti waliyotoka wazee wake, bandari waliyopandia meli, hata kazi ya kwanza aliyoipata babu yake Boston. Jaribu sasa kumuuliza hao wazee walikuwa wakizungumza lugha gani siku wanashuka melini. Nilimuuliza mama mkwe wangu, tukiwa jikoni kwake, akanishangaa. "Kiingereza, mwanangu. Hakuna aliyezungumza Kiayalandi kwetu."

Mimi ni mtu wa Same, nimeolewa huku, na kubishana na mama mkwe si jambo nililofundwa. Nikanyamaza. Lakini nilikuwa najua kwamba bibi yake mzaa mama alitoka Carna, huko Connemara, magharibi ya kaunti ya Galway, na Carna ni mahali ambapo hadi leo watu husalimiana kwa Kiayalandi. Bibi huyo alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1870 na akavuka bahari akiwa msichana ambaye hajatimiza miaka ishirini. Ikiwa Carna ya leo, yenye televisheni na intaneti, bado ina lugha yake, Carna ya wakati ule ilikuwa na nini?

Basi nikaanza kuchimba. Kwanza kwa ajili ya familia ya mume wangu, kisha kwa ajili ya majirani na wafanyakazi wenzangu, maana habari zilishaenea kwamba kuna mama wa Kitanzania anayejua kusoma sensa za Ayalandi. Na baada ya kuona makaratasi ya familia nyingi, nina msimamo ambao huwa nausema wazi hata mezani kwa watu: katika swali hili, kumbukumbu ya familia haina uzito. Sisemi kwamba watu wanadanganya. Lugha hii iliachwa na watu waliotaka isijulikane kwamba waliwahi kuwa nayo, na mjukuu hawezi kukumbuka kitu alichofichwa. Ukitaka jibu, uliza mambo mawili tu: alizaliwa wapi hasa, na alizaliwa lini.

Tupite kwenye hesabu kidogo. Sensa ya kwanza ya Ayalandi kuuliza habari za lugha ilifanyika 1851, Njaa Kuu iliyoanza 1845 ikiwa inaelekea ukingoni. Mwaka 1841 kisiwa kile kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Miaka kumi baadaye walibaki kama milioni 6.5. Viazi vilioza shambani, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi, na wengine milioni moja na zaidi wakaondoka. Miongoni mwa waliobaki, kama milioni 1.5 walisema wanajua Kiayalandi, sawa na watu 23 katika kila mia. Kati ya hao, zaidi ya 319,000 hawakujua lugha nyingine yoyote.

Watu wengi huishia kwenye hiyo 23 na kusema, basi, wengi wao walikuwa Waingereza wa ulimi. Haraka hiyo haifai. Njaa ilipiga zaidi vijiji maskini vya magharibi na kusini, kulekule ambako lugha ilikuwa na mizizi. Waliozikwa hawakuhesabiwa, na waliokuwa tayari Liverpool, Quebec au New York hawakuhesabiwa pia. Halafu kuna swali lenyewe: liliwekwa kwenye maelezo ya chini ya fomu, wengi wakalipita bila kuliona. Mwaka 1871 waliandikwa wasemaji kama 818,000. Mwaka 1881 swali likapandishwa mahali pa kuonekana, na wasemaji wakawa karibu 950,000, ingawa katika miaka hiyo kumi watu hawakuacha kupanda meli wala wazee hawakuacha kufa. Kilichobadilika ni fomu tu.

Aliyenifungua macho kuhusu hesabu hizi ni Garret FitzGerald. Huyu alikuwa waziri mkuu wa Ayalandi miaka ya 1980, na alikuwa mtu wa kupenda takwimu kupita kiasi. Mwaka 1984 alichapisha uchambuzi ambao wazo lake ni jepesi na la ajabu. Sensa zilionyesha umri wa wasemaji. Mzee wa miaka 75 katika sensa ya 1851 alijifunza kusema kwenye miaka ya 1770. Kwa hiyo ukiwapanga watu kwa umri, wilaya kwa wilaya, unaweza kurudi nyuma na kukisia watoto wa kila kizazi walikua wakisikia nini, kuanzia waliozaliwa 1771 hadi 1871. Na FitzGerald mwenyewe aliviita viwango vyake kuwa vya chini kabisa, maana alijua kwamba watu walificha.

Ukisoma majedwali yale unaona kitu ambacho jumla ya nchi nzima haionyeshi. Galway, Mayo, Kerry, Clare na Waterford, zaidi ya nusu ya watu mwaka 1851 walijua Kiayalandi. Ukienda mashariki, kuzunguka Dublin, huoni kitu. Katikati ndipo penye mambo: kaunti kama Limerick na Tipperary, ambako babu aliyezaliwa 1780 ni msemaji, mwanawe anaelewa, na mjukuu aliyezaliwa 1850 hajui hata kuomba maji. Familia moja, nyumba moja. Ndiyo maana mtu akinipa mwaka wa safari peke yake namrudisha akatafute mwaka wa kuzaliwa.

Na msidhani ilikuwa lugha ya magharibi pekee. Kule Callan, kaunti ya Kilkenny, upande wa kusini-mashariki, mwalimu aitwaye Amhlaoibh Ó Súilleabháin aliandika shajara yake kwa Kiayalandi kuanzia 1827 hadi 1835: hali ya hewa, bei za sokoni, ndege, njaa ya masikini wa mjini. Leo ukimwambia mtu wa Kilkenny kwamba mababu zake wa karne ya 19 huenda walizungumza Kiayalandi, anaweza kukucheka.

Sasa, waliachaje? Hapa kuna habari moja ambayo kila nikiisoma inanigusa. William Wilde alikuwa daktari wa Dublin (ni baba yake Oscar, yule mwandishi), na alishiriki kuandaa sensa hiyohiyo ya 1851. Katika safari zake za magharibi aliingia nyumba ya mtu mmoja, akaona mtoto ana kijiti kimening'inizwa shingoni kwa uzi. Mtoto akisema neno la Kiayalandi, baba anakata alama kwenye kijiti. Alama zikifika kiasi, mtoto anapewa adhabu. Wilde akamuuliza yule baba, kwani huipendi lugha yako? Akajibu kwamba anaipenda, ni lugha ya baba yake na ya wote waliomtangulia, lugha ya milima ile na maziwa yale alikozaliwa. Lakini watoto lazima wapate elimu, na shuleni hawafundishwi Kiayalandi, kwa hiyo inabidi wasukumwe kwenye Kiingereza.

Wasomaji wangu wa Kenya mnaijua diski, ile ya shuleni ya anayekutwa akisema lugha ya kwao. Wasomaji wa Tanzania mliosoma shule za kulipia mnakijua kibao. Sina haja ya kueleza maumivu yake. Ninachotaka mwone ni mkono ulioshika kisu katika habari ile. Waayalandi wengi siku hizi wanapenda kusema Mwingereza aliwanyang'anya lugha, na ni kweli kwamba shule za taifa zilizoanzishwa 1831 zilifundisha kwa Kiingereza tu, hata visiwani Donegal ambako watoto hawakuelewa neno. Mkaguzi Patrick Keenan aliliandikia ripoti jambo hilo miaka ya 1850, akisema ni upuuzi kumfundisha mtoto kwa lugha asiyoijua. Lakini kijiti kilikatwa nyumbani. Daniel O'Connell, mwanasiasa mkubwa kuliko wote wa Kikatoliki wa zama zake, aliyekua akizungumza Kiayalandi huko Kerry, alisema kwamba haoni huzuni lugha hiyo ikififia, kwa kuwa Kiingereza kina manufaa zaidi. Mzazi maskini mwenye watoto saba na nusu ekari ya viazi alifikiri vivyo hivyo. Alijua kwamba wanne au watano kati yao watakwenda Amerika, na Amerika hawataulizwa kama wanajua mashairi ya zamani.

Ndiyo maana hata neno "lugha ya mama" linanipa shida hapa. Bibi yangu mimi, upande wa baba, aliongea Chasu, lugha yetu Wapare. Alinigombeza kwa Chasu, alinituma kuni kwa Chasu, na mimi nikamjibu kwa Kiswahili tangu nilipojua kusema. Leo nikisikia wazee wa kwetu wakiteta naelewa karibu yote, ila ukinitaka niseme sentensi tatu mfululizo utanicheka. Je, mimi ni mzungumzaji wa Chasu? Karani wa sensa akinikuta Same nitaandikwa vipi? Na mjukuu wangu, akiwa amezaliwa Boston, ataambiwa nini? Ayalandi ya karne ya 19 ilijaa watu wa namna yangu: waliozaliwa katika nyumba ambamo wakubwa waliteta kwa lugha moja na watoto wakahutubiwa kwa nyingine. Kati ya "alizungumza" na "hakuzungumza" kuna uwanja mpana, na wahamiaji wengi walisimama humo.

Walipofika huku, vitu vingi vilisaidia kufuta nyayo. Barua, kwa mfano. Watu hunionyesha barua za zamani walizorithi, zote Kiingereza, wakidhani wamemaliza ubishi. Aliyejua kuandika alifundishwa kuandika Kiingereza. Waliozaliwa kwenye Kiayalandi na wakaweza kukiandika walikuwa wachache mno. Kwa hiyo binti wa Galway aliyefanya kazi ya ndani Boston aliandika nyumbani kwa Kiingereza, au akaandikiwa, na kule kijijini mtu aliyesoma akaifungua na kuitafsiri kwa sauti mbele ya mama yake. Barua hiyo ukiisoma leo hutaona dalili yoyote.

Vitabu vya ubatizo navyo ni hivyohivyo. Padri aliandika kwa Kilatini au Kiingereza. Mtu aliyeitwa Seán maisha yake yote yumo humo kama Joannes au John. Ukoo wa Mac Conraoi wa Connemara ukawa King kwenye karatasi, na mjukuu wake Boston leo anaapa kwamba jina lake ni la Kiingereza.

Kisha sensa ya Marekani ya 1910, ambayo ilipaswa kuwa ufunguo wetu. Swali la lugha ya kwanza liliongezwa wakati fomu zimeshachapwa, hivyo makarani wakaambiwa wabane jibu kwenye safu ya mahali pa kuzaliwa. Karani mmoja aliuliza na kuandika kwa uangalifu, mwingine alijaza "Kiingereza" mtaa mzima bila kuinua kichwa. Na walipochapisha majumlisho, Kiingereza na lugha za Kikelti, ambazo Kiayalandi ni mojawapo, viliwekwa kapu moja. Mamilioni ya watu wamo humo, na huwezi kuwatenganisha.

Pamoja na yote hayo, lugha yenyewe haikutoweka siku ya kushuka melini. Waliofika Portland, jimbo la Maine, wengi wao watu wa Connemara, walipakua meli bandarini wakielekezana kwa Kiayalandi, na marehemu Kenneth Nilsen, mtaalamu wa lugha za Kikelti, aliwatafuta wasemaji wa mwisho wa mji ule na kuwaandikia habari zao. Boston ilikuwa na chama cha kufundishana Kiayalandi mwaka 1873, na Brooklyn ikafuata mwaka uliofuata. Huko Brooklyn mwalimu mzaliwa wa Galway, Micheál Ó Lócháin, alianzisha mwaka 1881 gazeti la kila mwezi lililoitwa An Gaodhal, nusu Kiayalandi nusu Kiingereza, na kwa Kiayalandi alitumia zile herufi zao za kale. Micí Mac Gabhann wa Donegal, ambaye utotoni alipelekwa kwenye soko la vibarua na kukodishwa kwa wakulima, alifika kwenye migodi ya Montana na hatimaye kwenye dhahabu ya Klondike, huko Kanada, akarudi kwao mwaka 1902 na uzeeni akamsimulia mkwewe maisha hayo yote kwa Kiayalandi safi. Mkwewe alikuwa mkusanyaji wa hadithi za jadi. Wangapi walikuwa na maisha kama yake na hawakuwa na mkwe wa namna hiyo?

Nimefika pia kwenye picha za Grosse Île, kisiwa cha karantini karibu na Quebec, ambako zaidi ya watu 5,000 walizikwa mwaka 1847 pekee kwa homa ya melini. Mwaka 1909 Waayalandi wa Amerika walisimamisha pale msalaba mkubwa wa mawe wenye maandishi ya lugha tatu. Kwa Kiingereza umeandikwa kwa adabu: wahamiaji waliovumilia njaa na uhamisho ili kulinda imani yao. Kwa Kiayalandi umeandikwa kwamba watoto wa Gaeli, yaani Waayalandi wa asili, walikufa kwa maelfu wakikimbia sheria za wadhalimu wa kigeni na njaa ya kutengenezwa na watu. Serikali ya Kanada ya wakati ule, chini ya bendera ya Uingereza, ilisoma upande wake. Walioandika upande ule mwingine walijua wasomaji wao bado wapo, miaka sitini baada ya mazishi.

Turudi Carna. Tatizo la kwanza la anayetafuta wazee wake Ayalandi ni moto. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ofisi ya nyaraka iliyokuwa ndani ya eneo la mahakama la Four Courts, Dublin, ililipuka na kuungua, na sehemu kubwa ya fomu za sensa za 1821 hadi 1851 zikaenda nayo. Za 1861 na 1871 zilikuwa zimeshateketezwa na serikali yenyewe baada ya kuhesabiwa. Za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa sababu ya uhaba wa karatasi. Kwa hiyo fomu kamili za mwanzo zilizobaki ni za 1901, zikifuatwa na za 1911, na zote mbili Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa imeziweka kwenye mtandao bure.

Watu hukata tamaa wakisikia hivyo, maana mzee wao alishaondoka kabla ya 1901. Mimi huwaambia usimtafute aliyeondoka, tafuta waliobaki. Wazazi wake. Kaka mkubwa aliyerithi shamba. Shangazi ambaye hakuolewa. Majirani wa kitongoji kilekile waliozaliwa naye miaka ile. Ukikosa jina la kitongoji, na nyaraka za Marekani mara nyingi husema "Ayalandi" tu, pitia matangazo ya kutafutana ndugu ya gazeti la Pilot la Boston, yaliyochapwa kuanzia 1831 hadi 1921. Ndani yake utakuta watu wakitaja parokia na kaunti ili ndugu waliopoteana wapatikane. Orodha ya kodi ya ardhi ya Griffith, ya miaka ya 1847 hadi 1864, nayo inasaidia kwa njia ya pembeni. Kitongoji kikiwa na kina Patrick watano wa ukoo mmoja, karani aliwatenganisha kwa majina ya utani waliyoitwa na wenzao, na ukikuta mmoja ameandikiwa "mwekundu" na mwingine "mweupe" au "mdogo" kwa Kiayalandi kilichopindwa kwa tahajia ya Kiingereza, umeshajua watu wale waliitanaje uani.

Fomu ya 1901 ina safu ya lugha, na maelekezo yake yako wazi. Anayejua Kiayalandi tu aandikwe "Kiayalandi". Anayejua zote mbili aandikwe "Kiayalandi na Kiingereza". Wengine paachwe wazi. Waliozunguka kukusanya fomu walikuwa askari polisi wa utawala wa Uingereza, na hilo lenyewe linatosha kukuambia kwa nini baadhi ya watu waliona heri paachwe wazi.

Usiku mmoja mume wangu amelala, nikaipata nyumba ya wazazi wa bibi yule. Paa la nyasi, madirisha mawili mbele, zizi moja la ng'ombe. Baba wa nyumba, mkulima, hajui kusoma, ametia alama ya msalaba badala ya saini. Safu ya lugha: Kiayalandi na Kiingereza. Wavulana wawili wakubwa, vivyo hivyo, wanajua kusoma na kuandika. Nikashuka hadi kwa mama wa nyumba, miaka zaidi ya hamsini, hajui kusoma. Lugha: Kiayalandi. Basi. Hakuna "na".

Nilikaa nikaitazama safu ile muda mrefu. Mwaka 1901 nchi nzima ilikuwa imebakiwa na watu kama 21,000 tu wasiojua Kiingereza kabisa, na mmoja wao ni huyu, mama mzazi wa msichana aliyekuwa tayari Boston akipiga pasi mashati ya watu. Msichana hawezi kulelewa kwa Kiingereza na mama asiyekijua. Vyovyote alivyozungumza baadaye, vyovyote karani wa Marekani alivyomwandika mwaka 1910 (nilimpata, ameandikwa Kiingereza), maneno yake ya kwanza yalikuwa Kiayalandi.

Na asifikiri mtu kwamba kutojua Kiingereza kulikuwa jambo la mapambo. Ng'ambo ya milima kutoka Carna kuna mahali panaitwa Maamtrasna. Agosti 1882 watu watano wa familia moja waliuawa pale usiku. Maolra Seoighe alikamatwa pamoja na wengine, akapelekwa Dublin, akashitakiwa kwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo akanyongwa Galway. Wawili walionyongwa pamoja naye walikuwa wamekiri na kusema yeye hana hatia. Alikwenda kwenye kitanzi akiendelea kujitetea kwa Kiayalandi. Rais Michael D. Higgins alimpa msamaha mwaka 2018. Bibi wa mama mkwe alikuwa na miaka kama kumi wakati ule, na habari kama ile haikuhitaji gazeti kufika Carna. Miaka hiyohiyo, kuanzia 1882 hadi 1884, mfuko wa James Hack Tuke, mfadhili wa dhehebu la Kikweka kutoka Uingereza, ulilipia nauli za watu zaidi ya 9,000 wa Connemara na Mayo kwenda Amerika. Ukiwa mzazi unayeona yote mawili, mahakama ile na meli ile, utamwambia mwanao ajifunze nini?

Nilimpelekea mama mkwe karatasi, nimeichapa kubwa aweze kuisoma bila miwani. Akaisoma mara mbili. Akauliza kama "Kiayalandi" pale maana yake si uraia. Nikamwonyesha kichwa cha safu. Akakaa, halafu akasema bibi yake alikuwa na sala alizozinong'ona akiosha vyombo, na wao watoto waliambiwa ni Kilatini. "Lakini kanisani Kilatini nilikisikia kila Jumapili," akasema, "na hakikufanana." Alijua, kwa namna fulani. Hakuna aliyemwambia ni nini, naye hakuuliza. Wifi yangu alidakia palepale kwamba basi sisi sote tuandikishwe darasa, na kwa sasa anahudhuria kila Jumanne, ana daftari, na anasumbua nyumba nzima kwa matamshi.

Mume wa wifi yangu ndiye aliyenitia kwenye kazi ngumu. Huyu ni shabiki wa kila kitu cha Ayalandi. Ana maneno ya Kiayalandi yaliyochorwa mkononi kuanzia kiwiko hadi kifundo, na alipoona ya mama mkwe akanijia na orodha ya wazee wake, akiwa na hakika ya ushindi. Wote, pande zote mbili, wametoka Forth, kona ya kusini-mashariki kabisa ya kaunti ya Wexford. Nikatazama majedwali ya FitzGerald, nikatazama 1901, nikatazama na majirani. Hakuna kitu. Nikamwambia taratibu kwamba kwao Kiayalandi hakikuwa lugha ya nyumbani kwa karne nyingi. Lakini si kwamba walizungumza Kiingereza hiki tunachokijua. Forth na jirani yake Bargy walikaliwa na walowezi waliofuatana na wavamizi wa Kinormani mwaka 1169 na baada yake, na kizazi baada ya kizazi wakabaki na lahaja yao ya Kiingereza cha kale iitwayo Yola, ambayo mtu wa London asingeielewa. Mwaka 1836 walimsomea mwakilishi wa mfalme hotuba ya kumkaribisha kwa lugha hiyo. Baada ya hapo ikafa taratibu ndani ya karne ileile.

Akaangalia mkono wake. Akaniuliza kama kuna mtu Boston anayejua kuandika Yola.